Sukari ya Bungoma: baridi haina kosa, tuitazame mizani

Tarehe 30 Novemba 2025 ulinzi wa soko la sukari ambao Kenya ilikuwa ikipewa na COMESA ulifika mwisho. Kwa zaidi ya miaka 20 tulikuwa tukiomba muda, tunapewa, unakwisha, tunaomba tena. Safari hii hatukuongezewa.

Kwa wasiofuatilia mambo haya, COMESA ni soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kuanzia Misri mpaka Eswatini. Kanuni yake ni kwamba bidhaa ya mwanachama huingia kwa mwenzake bila ushuru. Kenya iliomba sukari iwekwe kando, kiasi kinachoingia bila ushuru kiwekewe kikomo, ili viwanda vyetu vya magharibi vipate nafasi ya kujipanga. Mashamba ya umwagiliaji ya Zambia, Malawi na Eswatini yanatengeneza sukari kwa gharama ndogo kuliko sisi, na kila mtu alijua kwamba mlango ukifunguliwa ghafla Nzoia, Chemelil na Muhoroni hazitastahimili. Nafasi ikatolewa. Tumeitumiaje, hilo ndilo ninalotaka kulizungumza.

Kwetu Pwani habari hii imepokelewa kwa sura mbili. Mwenye duka Kongowea na mama wa mahamri wanasema afadhali, huenda bei ikashuka. Mwaka 2023 kilo moja ilipita Sh200 na hakuna aliyesahau. Mpishi wa halua hana pa kupunguzia: halua bila sukari ni uji wa wanga. Kijana anayeshusha mizigo bandarini naye hana ugomvi na meli ya sukari, ikija ni siku yake ya kazi. Lakini kule Kwale kuna watu wenye miwa shambani, na wao wanaisikia habari hiyo hiyo kwa sikio jingine.

Wiki hii basi naandika kuhusu Bungoma na Kitale, mbali na bahari, kwa sababu bei ya chai yetu ya futari na hatima ya miwa ya Kwale zinaamuliwa kule zaidi ya tunavyodhani. Magharibi ndiko kwenye viwanda vingi vya sukari nchini. Mwaka 2023, miwa ilipopungua kule mpaka serikali ikasimamisha usagaji kwa miezi kadhaa, uzalishaji wa nchi nzima ulianguka hadi takriban tani 472,000. Mwaka uliofuata, miwa ilipoachwa ikakomaa, ukapanda na kupita tani 800,000. Matumizi yetu kwa mwaka ni zaidi ya tani milioni moja. Ndugu msomaji, zitazame tena hizo tarakimu mbili za mwanzo. Ardhi ile ile, mvua za pale pale, wakulima wale wale. Kilichotofautiana zaidi ni kwamba muwa uliachwa ukasimama.

Kisingizio ninachokisikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma, ni hali ya hewa. Kwamba Bungoma na Kitale ni baridi, muwa ni mmea wa joto, basi tusitarajie makubwa. Mimi si bwana shamba, stashahada yangu ni ya biashara, lakini hesabu najua kuisoma, na hoja hii haisimami.

Baridi ni ya kweli, sikatai. Mji wa Bungoma uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Kitale karibu mita 1,900. Ukiendelea kutoka Kitale kuelekea mpaka wa Uganda unaingia Kwanza, eneo bunge la kaunti ya Trans Nzoia (jina tu hilo, halina la pili wala la tatu), na huko mtu wa Mombasa atavaa sweta mwezi wa saba na bado atatafuta jiko la makaa. Muwa hukua kwa kasi penye joto. Usiku ukiwa wa nyuzi 11 au 12, ukuaji wake huzorota. Ndiyo maana muwa uliopandwa upya Bungoma unahitaji miezi 18 hadi 24 kukomaa, wakati muwa wa Pwani uliomwagiliwa maji unaweza kuwa tayari kwa mwaka mmoja hivi.

Lakini baridi hiyo hiyo ina faida ambayo haisemwi sana. Muwa unapoendelea kukua kwa kasi, sukari unayotengeneza unaitumia kujengea mwili wake. Usiku wa baridi na wiki chache za ukavu huufanya upunguze kukua, na sukari inabaki ndani ya shina. Kwa hiyo baridi ya Bungoma inachelewesha uzito, haiharibu utamu. Inamtaka mkulima awe na muda tu.

Na ukitaka kujua baridi yenyewe inaweza kufanywa nini, tuwatazame waliozaliwa nayo. Kiasi cha sehemu moja katika tano ya sukari ya dunia haitokani na muwa kabisa. Inatokana na viazisukari, mmea wenye mzizi mnene mweupe mfano wa figili kubwa, unaolimwa Ufaransa, Ujerumani, Urusi, Poland na mikoa ya baridi ya Marekani. Mjerumani Marggraf aligundua mwaka 1747 kwamba sukari iliyomo kwenye mzizi ule ni ile ile ya muwa. Mwanafunzi wake, Achard, akafungua kiwanda cha kwanza mwaka 1801. Kisha ikaja vita ya Napoleon na Waingereza. Meli za sukari kutoka visiwa vya Karibi zikazuiwa, na mwaka 1811 Napoleon akaamuru viazisukari vipandwe kwa maelfu ya hekta. Yaani ni zao lililokuzwa kwa sababu bandari zilifungwa. Sisi tumepewa miaka zaidi ya 20 ya bandari kufungwa nusu.

Mkulima wa kaskazini ya Ulaya ana tatizo kubwa kuliko la mkulima wa Bungoma. Hawezi kupanda mpaka udongo upate joto kidogo, mwezi Machi au Aprili. Jua lake refu kuliko yote ni la mwezi Juni. Mmea unaotengeneza sukari unakula mwanga, na mwanga hauokotwi ila kwa majani. Sasa fikiria Juni inafika, jua linawaka mpaka saa nne za usiku, na kiazisukari kina majani madogo madogo yanayoacha udongo wazi katikati ya mistari. Mwanga wote ule unaanguka chini bure. Ikifika Agosti majani ni makubwa, lakini jua limeanza kuondoka.

Wangeweza kusema nchi yetu ni baridi, tufanyeje. Walichofanya ni kupigania wiki mbili tatu. Mbegu zikaanza kuroweshwa kwa kipimo na kukaushwa kabla hazijauzwa ili zikifika udongoni ziote upesi. Wakitaka kupanda mapema wakakutana na shida nyingine, kwani kiazisukari kikipigwa na baridi kikiwa kichanga hudhani mwaka umepita na kutoa ua, na sukari yote inakwenda kwenye ua. Watafiti wakachagua vizazi kwa vizazi vya mimea isiyotoa ua kwa wepesi. Zamani mbegu moja ilikuwa kishada kinachootesha miche kadhaa pamoja, vibarua wakatumia wiki nzima kung'oa ya ziada. Ikapatikana mbegu ya mche mmoja, kazi ile ikaisha. Hakuna muujiza hapo. Ni wiki moja hapa, siku nne pale, mwaka baada ya mwaka, na leo Ufaransa hekta moja inatoa kiasi cha tani 80 za viazisukari, na tani saba hivi zinatosha kutoa tani moja ya sukari safi.

Mavuno ya muwa nchini kwetu, ukichukua wastani wa miaka ya karibuni, ni kati ya tani 50 na 70 kwa hekta, na viwanda vyetu hutumia tani 10 hadi 12, pengine zaidi, kupata tani moja ya sukari. Fanya hesabu mwenyewe: Mfaransa anapata zaidi ya tani 11 za sukari kwa hekta kwa msimu usiozidi miezi minane, sisi tunapata tano au tano na nusu kwa miezi 18. Na yeye ndiye mwenye theluji.

Hata hivyo sidhani kwamba siri kubwa ya wale watu ni mbegu. Mbegu ni matunda. Mzizi wa mambo uko langoni mwa kiwanda. Lori la viazisukari likifika, sampuli huchukuliwa, huoshwa, uzito wa udongo ulioganda unatolewa, kisha kiwango cha sukari kinapimwa maabara. Katika nchi za Umoja wa Ulaya bei ya msingi imejengwa juu ya kiazi chenye sukari asilimia 16. Chako kikiwa na 18 unalipwa zaidi, kikiwa na 14 unalipwa pungufu. Siku ya kung'oa hupangwa na kiwanda pamoja na wakulima kabla msimu haujaanza, na anayeombwa alete mapema sana, kabla viazi havijanenepa, hufidiwa kwa alichokosa. Kule bonde la Red River, kati ya Minnesota na North Dakota, wakulima waliungana wakanunua kampuni yenyewe, American Crystal Sugar, mwaka 1973, na mpaka leo ni mali ya ushirika wao. Baridi ya huko ni kali kiasi kwamba wanarundika viazisukari nje kama vilima, vinaganda vikawa barafu, na kiwanda kinaendelea kuvisaga mpaka majira ya kuchipua. Baridi imekuwa ghala lao.

Mkulima anayelipwa kwa utamu anakuwa na sababu ya kusubiri, ya kununua mbegu ghali, ya kupima udongo. Wetu analipwa kwa kilo.

Sasa turudi Bungoma. Kiwanda cha Nzoia kiko Bukembe, kando ya barabara kuu ya kutoka Webuye. Kampuni iliundwa mwaka 1975, usagaji ukaanza 1978. Kwa miaka mingi ndicho kilichosomesha watoto wa Bungoma na sehemu za Trans Nzoia na Kakamega. Kisha yakaja yale tunayoyajua hata sisi wa Ramisi: mitambo ikachakaa, madeni yakapanda, mkulima akapeleka miwa na kungoja malipo miezi na miezi. Pembeni vikaota viwanda vya watu binafsi, vyenye mitambo mipya na fedha taslimu. Kuna Butali, kuna West Kenya yenye kiwanda chake Kabras na kingine Naitiri huko huko Bungoma. Viwanda vikawa vingi kuliko miwa. Mizani ikawekwa vijijini, trekta likaja mpaka mlangoni.

Hapa ndipo ninapoomba tumwelewe mkulima kabla ya kumlaumu. Chukulia ana ekari moja. Miwa yake ina miezi 13. Akiikata leo atapata, tuseme kwa mfano, tani 22. Akiiacha mpaka miezi 20 atapata tani 34. Kwa bei ya Sh5,000 kwa tani, leo ni Sh110,000, baadaye ni Sh170,000. Mtu mwenye mshahara atasema angoje. Lakini karo ya muhula inadaiwa Jumatatu, mama yuko hospitali, na jirani aliyengoja mwaka juzi alikatiwa miwa ikiwa imekauka kwa sababu kiwanda kilisimama kwa matengenezo. Miezi saba ya kusubiri ni mkopo ambao mkulima anamkopesha mwenye kiwanda, na hakuna anayemlipa faida wala kumpa dhamana. Katika hali hiyo kukata mapema si ujinga.

Mwenye kiwanda naye ana hesabu yake. Anajua muwa wa miezi 13 una maji mengi na sukari kidogo, lakini asipouchukua yeye atauchukua mwenzake, na kinu kisichosaga kinakula mshahara na riba. Kwa hiyo kila mmoja anafanya lenye akili kwa upande wake, na wote kwa pamoja wanachinja kuku kabla hajataga. Miwa inakwisha. Serikali inafunga vinu. Ilifanya hivyo mwaka 2023, na Julai 2025 Bodi ya Sukari ikasimamisha tena usagaji kwa miezi mitatu katika kanda za magharibi ya juu na ya chini, sababu ikiwa ile ile ya muwa usiokomaa. Kiwanda kufungwa ndiyo njia pekee tuliyonayo ya kuulinda muwa mchanga, na ni njia ya kumfungia mtoto chakula kabatini kwa sababu hakuna anayemwangalia.

Angalia kwamba katika yote haya baridi haijatajwa. Ila ina kazi moja: inayafanya maumivu yawe makali zaidi. Kadiri unavyopanda kutoka Bungoma kwenda Kitale, ndivyo miezi ya kusubiri inavyoongezeka, na ndivyo haraka inavyokula sehemu kubwa zaidi ya mavuno. Muwa wa miezi 13 mahali penye joto umekaribia kukomaa. Wa miezi 13 Kwanza bado ni mtoto. Kwa sababu hiyo sishabikii hata kidogo habari za wakulima wa Trans Nzoia kuacha mahindi na kuingia kwenye miwa. Kitale ndiko yaliko makao ya kampuni ya Kenya Seed tangu 1956, na ardhi ile inalisha nchi. Mtu akiacha zao la miezi sita au saba kwa la miaka miwili, katika soko lisilomruhusu angoje hiyo miaka miwili, amebadilisha shilingi kwa ndururu.

Kulipa kwa utamu badala ya uzito si wazo geni nchini. Lilikuwa miongoni mwa masharti ambayo COMESA yenyewe iliiwekea Kenya ilipokuwa ikiuongeza ule muda, pamoja na kubinafsisha viwanda vya serikali na kusambaza mbegu zinazokomaa mapema. Mawaziri wamekuja na kuondoka wakiliahidi. Kila mwaka tuliambiwa vipimo vinakuja. Mkulima akaendelea kupimiwa kwa kilo, na kwa kilo anaweza kuchezewa: mizani ikigeuzwa kidogo yeye hajui, muwa ukilala kwenye trela siku nne juani unapoteza uzito na sukari pia, na hasara ni yake. Muwa ukishakatwa unatakiwa usagwe ndani ya siku mbili. Nimepita barabara ya Bungoma na kuona matrela yamepanga foleni mpaka majani ya miwa yamegeuka rangi ya mkeka wa zamani. Sura nzima ya Qur'ani imeanza kwa onyo juu ya wanaopunja vipimo, na sisi tunaojua kuisoma tungekuwa wa kwanza kulisimamia jambo hili, popote mizani ilipo.

Kupima utamu kungebadilisha hesabu za wote wawili. Muwa wa miezi 13 ungelipwa bei ya maji yake, na mkulima angeiona tofauti kwenye karatasi ya malipo yake mwenyewe badala ya kuambiwa na afisa. Kinu nacho kingejua kwamba kunyakua muwa mchanga hakuna faida. Lakini kipimo peke yake hakilishi mtu kwa miezi saba. Lazima kuwe na njia ya mkulima kupata fedha juu ya muwa uliosimama, kwa tarehe ya kupanda iliyoandikwa kwenye daftari, sehemu ya bei itangulizwe muwa ukifika mwaka, na daftari hilo ndilo liamue zamu ya kukata. Wazungu wa viazisukari wanafanya mambo ya namna hiyo kwa kalamu na karatasi miaka mingi. Sisi tuna M-Pesa.

Wapo wanaouliza, kama kiazisukari kinapenda baridi, mbona tusikipande Kitale? Ni swali zuri na nimelifikiria. Kinaweza kuota, na kingekomaa kwa miezi sita hivi. Misri leo inatoa sukari nyingi zaidi kwa viazisukari kuliko kwa miwa, na Misri ni mwenzetu wa COMESA. Lakini Misri inalima wakati wa kipupwe chake kikavu, kwa maji ya mfereji. Kitale mvua ni nyingi na ya miezi mingi, na majani ya kiazisukari kwenye unyevu na joto kiasi hupatwa na ugonjwa wa madoa unaoyachoma yote. Tena kinu cha muwa hakiwezi kusaga viazisukari. Vinakatwa vipande vyembamba na kuloweshwa kwenye maji ya moto, mitambo mingine kabisa, na havina makapi makavu ya kuwasha tanuri kama ya muwa, kwa hiyo unanunua mafuta. Zaidi ya hayo yote, bila kurekebisha namna ya kulipa, viazisukari vya Kwanza vingeng'olewa vikiwa na miezi mitatu. Tusihamishe ugonjwa kwa kubadilisha kitanda.

Mbegu nayo ina habari yake, na hapa Pwani tunaingia moja kwa moja. Wengi wanaopita Mtwapa kwenda Kilifi hawajui kwamba muwa wa Bungoma ni mjukuu wa Mtwapa. Ili kupata aina mpya ya muwa lazima uchanganye maua ya aina mbili, na muwa kwenye baridi ya magharibi hutoa maua kwa shida. Unataka usiku wa joto na unyevu wa bahari. Kwa hiyo kituo kikuu cha utafiti kiko Kibos, Kisumu, lakini kazi ya kuchanganya maua imekuwa ikifanyika Mtwapa. Mbegu zitokazo ni kama vumbi la pamba, zinaoteshwa, zinapelekwa bara, zinajaribiwa shamba kwa shamba, na miaka zaidi ya 10 hupita kabla aina moja haijaruhusiwa kwa mkulima. Aina kama KEN 83-737 zilitolewa zikiwa na sifa ya kukomaa mapema kuliko CO 421, ile ya Coimbatore, India, ambayo baba zetu walioifanyia kazi Ramisi na Miwani waliijua.

Aina inayokomaa mapema ndiyo jibu la kitaalamu kwa baridi ya Bungoma, kama ile mbegu iliyoroweshwa ilivyokuwa kwa Ulaya. Shida ni kuifikisha shambani ikiwa safi. Mkulima mwingi hupanda vipande alivyokata kwa jirani, na vipande hubeba magonjwa, ukiwamo ule unaodumaza machipukizi ya mwaka wa pili na wa tatu bila kuonyesha dalili kwa macho. Dawa yake ni rahisi ajabu: vipande vya mbegu huzamishwa kwenye maji ya nyuzi 50 kwa saa mbili. Birika kubwa, kipimajoto na mtu wa kukaa nalo. Ongeza chokaa kwa udongo uliochacha kwa miaka ya mbolea ile ile, na tayari umeongeza tani kadhaa kwa ekari bila kuhamisha jua.

Fedha za kazi hiyo zipo kisheria. Sheria ya Sukari ya 2024 imerudisha Bodi ya Sukari na tozo ya asilimia 4, ambayo msomaji wangu anailipa ndani ya kila kilo anayonunua. Sehemu kubwa kuliko zote ya tozo hiyo, asilimia 40, imetengwa kwa ajili ya kuendeleza miwa na kuongeza mavuno, na asilimia 15 ni ya utafiti na mafunzo. Kwa hiyo mama wa mahamri wa Majengo anachangia birika la maji moto la Bungoma kila asubuhi. Ana haki ya kuuliza liko wapi.

Jambo linalonipa wasiwasi zaidi ni la Mei 2025. Serikali ilivikodisha viwanda vyake vinne kwa miaka 30, na Nzoia ikaenda kwa West Kenya. Sisemi ni vibaya. Mitambo ya Nzoia ilikuwa inakufa na wafanyakazi walikuwa na malimbikizo ya mishahara. Tena kuna faida iliyo wazi: aliyekuwa ananyang'anyana miwa na Nzoia sasa ndiye mwenye Nzoia, kwa hiyo ile mbio ya kukata muwa mchanga inaweza kupoa. Ila mbio ikipoa kwa sababu mnunuzi amekuwa mmoja, mkulima amepoteza pia pa kukimbilia. Kampuni yenye Kabras, Naitiri na Nzoia inaweza kumwambia mtu wa Kimilili angoje miezi 20, na akishangoja imwambie angoje 26. Muwa uliopitiliza nao hukauka na kupoteza sukari. Zamani kosa lilikuwa haraka, kesho linaweza kuwa ajizi, na katika yote mawili mwenye shamba ndiye asiyeshika kalamu.

Nayasema haya nikiitazama Kwale. Sheria ile ile imeitambua Pwani kuwa kanda ya sukari. Kiwanda cha Ramisi kilikufa mwaka 1988, mimi ningali mtoto, na mashamba yake yakalala miaka mingi kabla ya kampuni ya sasa ya Kwale kuja na mabomba ya kumwagilia kwa matone. Sisi joto tunalo, maji yakipatikana muwa wetu hauna haja ya miezi 20. Lakini Kwale mnunuzi ni mmoja, na amekuwa mmoja tangu mwanzo. Karatasi za mkataba zikiletwa Msambweni au Lunga Lunga, bei ya tani ndiyo itakayoandikwa kwa herufi kubwa. Kifungu cha kutafuta ni kile kinachosema nani anaamua siku ya kukata, muwa unapimwa nini ukifika, na unalipwa ngapi kwa kila wiki uliyocheleweshwa. Kama hakimo, kalamu irudi mfukoni mpaka kiandikwe.